Hiyo Haitoki

Desemba iliyopita nilikwenda Makambako kumsalimia mama, nikamkuta anafungia karanga historia ya China.

Sikujua mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, beseni la karanga miguuni, pembeni rundo la karatasi alilolikandamiza kwa jiwe ili upepo wa Makambako usiondoke nalo. Anachana ukurasa, anaukunja uwe kama pembe, anatia kikombe kimoja cha kahawa, anafunga mdomo wake kwa kidole gumba. Mia mbili hiyo. Nikachukua moja, nikala, kisha nikaikunjua karatasi kama afanyavyo kila mtu, maana karatasi ya karanga haitupwi bila kusomwa. Mwandiko ulikuwa wangu. Kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu: sababu za vita kati ya Uingereza na China, 1839 hadi 1842. Sababu ya nne ilikuwa imejaa chumvi.

"Mama, hizi ni notisi zangu za Fomu Siksi."

"Najua. Si ulishafaulu?"

Sikuwa na la kujibu. Kaunta buku ile ya kwaya nne ilikaa kwenye tranka tangu 2008, panya wameiheshimu, mende wameiheshimu, na mimi mwenyewe sikuwahi kuifungua hata siku moja. Nikavuta kiti, nikaanza kusoma kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda stendi na kwenye mabasi ya Songea. Nasaba zote zilikuwa zimeliwa. Kilichosalia kilianzia hapo kwenye vita na kwenda mbele.

Nilisoma HGL: historia, jiografia na Kiingereza, katika shule moja ya bweni huku huku kusini. Mwalimu wetu wa historia tulimwita Mwenyekiti. Si kwa sababu alikuwa mkali, bali kwa sababu alipofika kwenye mada ya kuinuka kwa usoshalisti alibadilika hata mwendo. Urusi aliifundisha kwa wiki mbili kama mtu anayelipa deni. China aliifundisha kwa mwezi na zaidi. Alikuwa na notisi zake za chuo, karatasi zimegeuka rangi ya chai, akiziandika ubaoni neno kwa neno, nasi tukinakili neno kwa neno, na kila baada ya dakika chache sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, hapo pameandikwaje?"

Hapo palikuwa pameandikwa Chiang Kai-shek. Majina ndiyo yaliyotutesa. Historia ya Wachina ilitufikia kwa Kiingereza, ikaandikwa na mkono wa Mtanzania, ikasomwa na midomo ya Kibena, Kihehe, Kinyakyusa na Kingoni. Katika maktaba kulikuwa na vitabu viwili tu vyenye sura ya China. Kimoja, cha zamani, kiliandika Mao Tse-tung na Peking. Kingine, kipya kidogo, kiliandika Mao Zedong na Beijing. Mwenzetu mmoja, mtu wa bidii kweli, alisoma vyote viwili, akaandika kwenye jaribio kwamba Mao Tse-tung alianzisha mapambano, na alipochoka akamkabidhi uongozi Mao Zedong. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akatueleza kwamba ni mtu mmoja, ila Wachina wenyewe mwaka 1958 walipitisha namna yao ya kuandika majina kwa herufi za Kilatini, na ile ya zamani ilikuwa ya Waingereza. Nadhani hilo ni jambo la kwanza kuhusu China ambalo niliwahi kulielewa, maana sikuwa na haja ya kulikariri. Sun Yat-sen, akaongeza, huko kwao wanamwita Sun Zhongshan. Darasa likaguna. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemzoea yule wa mwanzo.

Kingine ambacho lugha ilituficha ni kasumba. Tangu darasa la tano tulifundishwa kuichukia kasumba ya kikoloni. Ilikuwa kwenye nyimbo, kwenye risala, kwenye midahalo. Hakuna aliyetwambia kwamba kasumba ni afyuni yenyewe, ule utomvu Waingereza waliokuwa wakiulima India na kuuingiza China kwa maelfu ya masanduku ili wapate fedha ya kununulia chai. Kwenye notisi liliandikwa neno la Kiingereza, tukalipita. Laiti mtu angeandika ubaoni "Vita vya Kasumba", darasa zima lingeinua kichwa. Na angetwambia kuhusu Lin Zexu, ofisa aliyetumwa Guangzhou mwaka 1839 kuikomesha biashara ile. Alikamata masanduku zaidi ya 20,000. Hakuyachoma, kama wengi wanavyodhani. Alichimbisha mahandaki pale Humen, kasumba ikatupwa ndani kwa maji, chumvi na chokaa, ikachemka na kuyeyuka, kisha ikafunguliwa kuelekea baharini. Kazi hiyo ilichukua siku 23. Kabla ya kuanza alitoa sadaka kwa mungu wa bahari, kumwomba radhi kwa uchafu atakaommwagia. Malipo yake kwa kazi nzuri yalikuwa kufukuzwa na kupelekwa uhamishoni Ili, magharibi ya mbali kabisa, wakati nchi yake inapigwa na meli za Waingereza. Kwenye daftari langu Lin Zexu ni "hatua kali za serikali ya China", sababu ya nne. Ile yenye chumvi.

Hapa lazima niwaeleze wasomaji ambao hawakupita njia hiyo jinsi tulivyokuwa tukiandika. Swali lolote la historia lina utangulizi, hoja sita na hitimisho. Ukiulizwa sababu za mapinduzi, sita. Ukiulizwa matokeo, sita. Ukiulizwa kwa nini Wachina hawakufanya mapinduzi mapema zaidi, zitafute, zipo sita. Kila hoja ianze na sentensi inayoitaja, ifuatiwe na maelezo, ifungwe na mfano wenye mwaka. Mwenyekiti alikuwa akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na cha sita alikikopa kulia. "Ukija na tano umejinyonga," alikuwa akisema. "Ukija na saba unamchosha msahihishaji, naye ana watoto." Tulifanya mazoezi ya hoja sita mpaka nikawa naota kwa sita. Hata barua ya kuomba nauli kwa mjomba niliiandika hivyo hivyo. Nilipata nauli.

Miaka kama kumi baadaye, nikiwa nimekaa foleni bandarini nasoma kwenye simu, nilikutana na habari za insha ya miguu minane. Nilitaka kumpigia Mwenyekiti simu siku hiyo hiyo.

Wachina walichagua maofisa wao kwa mitihani kwa karibu miaka 1,300, tangu enzi ya nasaba ya Sui. Mada zilitoka kwenye vitabu vya Confucius na wafuasi wake, na tangu enzi ya Ming jibu lilipaswa kuwa na umbo moja tu: mwanzo, sentensi mbili za kile walichokiita kuvunja mada, kisha kuipokea mada, kisha kuanza kuieleza, kisha miguu yenyewe, jozi kwa jozi, sentensi hii ikilingana na ile kwa urefu na kwa mdundo, kisha kufunga. Ukivunja umbo, umeanguka, hata kama una akili kama nini. Pale Nanjing kulikuwa na uwanja wa mitihani wenye vyumba vidogo vipatavyo 20,000, vimepangwa safu safu kama vibanda vya kuku. Kila chumba kilikuwa na mbao mbili, moja ya kukalia na nyingine ya kuandikia. Usiku unazishusha zote sawa, unalala umejikunja. Mtahiniwa alikuja na chakula chake, chungu chake na blanketi lake, na lango likishafungwa halifunguliwi. Husimuliwa kwamba aliyefia humo alivingirishwa kwenye mkeka na kurushwa juu ya ukuta. Na desa lilikuwepo: katika makumbusho kuna fulana za wakati ule zilizoandikwa vitabu vizima kwa herufi ndogo kama chawa. Mfumo wote huo ulifutwa Septemba 1905.

Kwa hiyo nilikaa kidato cha sita, katika karne ya 21, nikijifunza kwa nini China ya wafalme ilianguka, na nikajifunza kwa kuandika insha ya miguu sita.

Yupo mtu mmoja ambaye siwezi kuisamehe kaunta buku kwa jinsi ilivyomtendea. Kwenye sababu za kudhoofika kwa nasaba ya Qing, hoja ya tatu, kuna mstari huu, nautafsiri: "Maasi ya wakulima, kwa mfano ya Taiping, 1850–1864." Basi. Tulikuwa vijana mia na kitu, wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, tunaoamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya mtihani, tunaoogopa kurudi nyumbani na divisheni ya nne. Na nyuma ya mstari huo alikuwepo kijana aliyefeli.

Hong Xiuquan alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Wahakka, wilaya ya Hua, kaskazini mwa Guangzhou. Alikuwa na akili, ukoo ukamtegemea. Akaenda mjini kufanya mtihani mwaka 1827, akashindwa. 1836, akashindwa, mwaka huo mtu mmoja barabarani alimpa vijitabu vya Kikristo, akaviweka bila kuvisoma sana. 1837, akashindwa tena, akarudishwa nyumbani amebebwa, akalala siku nyingi akiweweseka, akiona amepanda mbinguni na kuonana na mzee mwenye ndevu za dhahabu. Alipopona akaendelea kuwa mwalimu wa kijiji. 1843 akajaribu mara ya nne. Akashindwa. Safari hii alivichukua vile vijitabu akavisoma, na akaunganisha: yule mzee ni Mungu, na yeye mwenyewe ni mdogo wake Yesu.

Mnamo Januari 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu; hiyo Amani Kuu ndiyo Taiping. Miaka miwili baadaye jeshi lake liliiteka Nanjing, naye akaifanya makao makuu. Wakapiga marufuku kasumba, wakapiga marufuku kufunga miguu ya wanawake, wakatangaza ardhi igawanywe. Vita vilipoisha mwaka 1864, Nanjing ikiwa imechukuliwa na Hong ameshakufa wiki chache kabla, waliopoteza maisha walikuwa si chini ya milioni 20. Na kuna jambo moja linaloniuma tumbo kila nikilikumbuka. Alipokuwa mfalme, Hong aliandaa mitihani. Yake mwenyewe, mada zikitoka kwenye Biblia na maandiko yake. Mtu aliyefelishwa mara nne, alipopata nchi, moja ya mambo aliyoyafanya ni kuwakalisha watu chumba cha mtihani.

Mwambie hayo kijana wa Fomu Siksi aliyepata F ya mock. Atakaa macho.

Sisemi Mwenyekiti hakujua. Naamini alijua mengi. Jioni moja wakati wa prepo umeme ulikatika, jenereta halikuwa na mafuta, na badala ya kuturuhusu twende bwenini aliingia na tochi, akakaa juu ya dawati la mbele, akatusimulia Mwendo Mrefu bila karatasi. Oktoba 1934, jeshi la Wakomunisti limezingirwa Jiangxi, linatoroka usiku. Watu wapatao 86,000. Mwaka mmoja baadaye walipofika Shaanxi, kaskazini, walikuwa kama 8,000. "Shule hii mko mia nane," akasema. Akamulika tochi safu ya kwanza, akaipitisha polepole juu ya vichwa vyetu, dawati kwa dawati, akaisimamisha. "Wangefika hawa hapa." Hakuna aliyekohoa. Akatupeleka kwenye milima ya theluji, kwenye vinamasi ambako mtu alizama mwenzake akimtazama, kwenye daraja la minyororo la Luding ambalo mbao zake zilikuwa zimeng'olewa, askari wakivuka wakining'inia huku risasi zinalia. Baadaye nimesoma kwamba kisa cha Luding kimepakwa rangi sana, wanahistoria wanabishana nacho. Si neno. Mwendo Mrefu ndio pekee ambao sikuhitaji kuurudia siku ya mtihani.

Umeme ulirudi, akasimama, akafuta mikono suruali, akasema: "Sasa hoja. Umuhimu wa Mwendo Mrefu. Moja."

Kilichonikera, hata wakati ule, ni kuta kati ya mada. Kidato cha tatu tulisoma Maji Maji: Julai 1905, Umatumbi, Kinjekitile, maji yanayogeuza risasi. Kidato cha sita tulisoma Mabondia wa China, waasi walioinuka dhidi ya wageni, ambao jina lao hasa lilikuwa na maana ya Ngumi za Haki na Upatanifu. Mwaka 1900 walikuwa wakifanya mazoezi na dua ili risasi zisiwaingie. Miaka mitano kati yao na watu wetu. Na bendera ya mmoja wa wale waliokuwa wakipigwa vita ilikuwa ile ile! Wajerumani waliinyakua ghuba ya Jiaozhou, mkoa wa Shandong, mwaka 1897, kwa kisingizio cha wamisionari wao wawili waliouawa. Wakajenga mji wa Qingdao, na kiwanda cha bia ambacho bia yake inanywewa mpaka leo. Mabondia wa kwanza walitoka Shandong hiyo hiyo.

Nilinyosha mkono nikauliza kama hivi vitu viwili vinaweza kuandikwa katika insha moja. Nikajibiwa nisichanganye mada, Maji Maji ipo karatasi ya kwanza.

Haya, tukafika 1919. Mkataba wa Versailles ulimnyang'anya Mjerumani makoloni. Katika karatasi ya kwanza maana yake ilikuwa Tanganyika kwenda kwa Mwingereza. Katika karatasi ya pili maana yake ilikuwa haki za Mjerumani huko Shandong kupewa Mjapani, ingawa China ilikuwa upande wa washindi na ilikuwa imepeleka vibarua wake kwa makumi elfu kuchimba mahandaki Ufaransa. Habari zilipofika Beijing, tarehe 4 Mei wanafunzi zaidi ya 3,000 waliingia barabarani, na wajumbe wa China huko Paris wakakataa kutia saini. Katika vuguvugu hilo ndimo Chama cha Kikomunisti kilimozaliwa mwaka 1921. Ni mkataba mmoja, meza moja. Nimeusoma mara mbili, katika madaftari mawili, na nilishakuwa mtu mzima mwenye mtoto nilipogundua ni huo huo.

Kisha 1949. Oktoba mosi, Mao juu ya lango la Tiananmen, Jamhuri ya Watu inatangazwa. Ubaoni matokeo ya mapinduzi, sita, na la kwanza: wakulima walipewa ardhi. Chini yake mistari miwili ya kalamu nyekundu, maana mada imekwisha.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kutaka kujua kilichofuata. Babu yangu, mzaa mama, alibeba mataruma ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia tuliyojengewa na Wachina. Reli ilipokuwa ikikaribia Makambako, miaka ya mwanzo ya sabini, alikuwa kijana na alichukuliwa kwenye genge la vibarua. Kichina alichobaki nacho ni "kwai kwai", haraka haraka, na alikitumia kwa punda, kwa wajukuu na mara moja kwa padri. Wale Wachina, alisema, walifanya kazi kuliko yeye na walikula uji wa wali asubuhi bila sukari, jambo alilolihesabu kuwa mateso. Walifukia wenzao njiani na kuendelea. Wengine wamezikwa Gongo la Mboto, makaburi yao yapo, yamepangwa vizuri. Reli ya kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia 1970, na mataruma karibu yote ni ya zege. Babu alikuwa na bega moja lililoshuka.

Lakini 1974, wakati reli ilishapita, babu alihamishwa kwa nguvu kwenda kijiji cha ujamaa. Lori lilikuja asubuhi. Maharage yalikuwa yanatoa maua. Hicho ndicho alichokuwa akikisema siku zote, si kwamba nyumba ilivunjwa, ingawa ilivunjwa: maharage yalikuwa yanatoa maua. Kwa hiyo Mwenyekiti alipoandika kwamba wakulima walipewa ardhi, mimi nilimuona babu. Nikanyosha mkono.

"Mwalimu, wale wakulima wa China, hiyo ardhi walibaki nayo?"

Akageuka, chaki mkononi. Namkumbuka alivyonitazama, alitazama kama mtu anayepima mzigo. "Swali zuri sana," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini hiyo haitoki."

Haitoki. Aliyesoma Tanzania anajua uzito wa neno hilo. Kisichotoka kwenye mtihani hakipo. Nikakaa, nikaandika hitimisho.

Hawakubaki nayo. Sheria ya kugawa ardhi ilikuwa ya 1950. Kufikia mwisho wa 1958 karibu kila mkulima wa China alikuwa ndani ya komuni, shamba si lake, jiko si lake, wakila kwenye bwalo la pamoja. Masufuria yalikusanywa yakayeyushwa kwenye tanuru za uani ili chuma kipatikane. Shomoro waliuawa kwa madebe na kelele mpaka wakaanguka kwa kuchoka, kisha wadudu wakafurahi. Viongozi wa chini waliripoti mavuno yasiyokuwepo, na serikali ikachukua nafaka kwa hesabu ya yale yaliyoripotiwa. Njaa ya 1959 hadi 1961 iliua watu ambao watafiti wanawakadiria kati ya milioni 15 na milioni 45. Hata ukichukua kadirio la chini, ni watu wengi sana kuachwa nje ya kaunta buku.

Sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Ujamaa wa Nyerere aliuandika tangu 1962, kabla hajakanyaga Beijing. Alikwenda mara ya kwanza Februari 1965, na kilichomvutia, alivyosema mwenyewe, ni kubana matumizi na nidhamu ya kazi. Vijiji vyetu havikuua watu kwa mamilioni. Kuvilinganisha na komuni kwa idadi ya makaburi ni kukosa adabu kwa wafu wa pande zote. Nasema tu kwamba kulikuwa na kijana darasani ambaye babu yake alikuwa amebeba reli ya Mao kwa bega na amehamishwa na lori la vijiji. Swali lake lilikuwa historia tupu, likakosa pa kuingia kwa sababu halikuwa na miguu sita.

Sasa nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar. Mteja wangu mmoja ni Mchina wa Kariakoo, anauza mabegi, anaongea Kiswahili cha Kariakoo kilichonyooka kwenye bei na kupinda kwingineko. Siku moja napitia makaratasi ya kontena lake, nikaona mzigo umetoka Shiling, Huadu, Guangzhou. Huadu ndiyo ile wilaya ya Hua. Mabegi ya wanafunzi wa Kariakoo yanashonwa nyumbani kwa mtu aliyefeli mara nne.

"Bosi, unamjua Hong Xiuquan?"

Alinitazama kama nimemtajia baba mkwe. Nililitamka vibaya, nikaandika kwenye simu, akaangua kicheko. "Hong Xiuquan! Feli, feli, feli, feli. Halafu vita." Akanyosha vidole vinne. Tukaketi kwenye maboksi. Nikamuuliza Mkataba wa Nanjing wa 1842 walifundishwaje, akauhesabu bila kufikiri, kwa vidole: kutoa Hong Kong, kulipa fidia milioni 21, kufungua bandari tano, ushuru kupanga na Mwingereza. Hoja nne. Nikamwambia sisi tulitakiwa sita. Akanihurumia.

Yeye ni wa Henan, si Guangzhou. Henan ndiko ilikoanzishwa moja ya komuni za kwanza kabisa, Chayashan, mwaka 1958. Nikamuuliza kuhusu njaa. Hakucheka tena, wala hakukasirika. Alisema shuleni waliiita miaka mitatu ya shida. Mstari mmoja. "Mtihani hapana," akasema. Halafu akanionyesha bibi yake alivyokuwa akimaliza kula: akaweka kidole cha shahada mezani, juu ya lile boksi, akakibonyeza, akakiinua, akakiweka mdomoni. Akarudia pembeni kidogo. Na pembeni kidogo tena, akifuata makombo ya mkate ambayo hayakuwepo.

Nilimsimulia mama hayo yote pale barazani, naye akiendelea kufunga. Aliniuliza tu kama yule bibi bado yupo. Nikasema sikuuliza.

Nikamwomba aniachie kilichobaki cha kaunta buku, nitamnunulia magazeti ya kufungia. Akakubali kwa sharti moja: kurasa za nyuma haziguswi. Nikafunua. Baada ya 1949, chini ya ile mistari miwili myekundu, Mwenyekiti alituambia turuke kurasa kadhaa, angekuja kutupa nyongeza, na hakuja. Kurasa zile hazikuwa tupu tena. Mama ameandika humo madeni, kwa penseli, tangu sijui lini: mama wa saluni 1,500, fundi baiskeli 600, konda wa Njombe 1,000 na chini yake "alilipa nusu", mwalimu wa jirani 2,000, 2,000 tena, 2,400.